Somo Letu: Fedha za Serikali na Mahali pa Wageni



Baadhi yenu mmetuuliza: je, yafaa tuiombe Serikali fedha ili tufungue mahali pa kupokea watalii katika mashamba yetu ya karafuu? Jambo ni jema, lakini hapana budi tulipime.

Tutazame Kidike, hapa Pemba. Popo wetu mkubwa, ambaye hapatikani penginepo duniani, alikaribia kutoweka kwa kuwindwa na kwa kukatwa misitu. Wanakijiji wakawalinda popo wao. Leo wageni huja kuwatazama na kulipa ada. Kule Unguja, Jozani ni Hifadhi ya Taifa tangu 2004, na sehemu ya viingilio hurudi vijijini. Kote kuwili, kitu cha kutazamwa kilikuwapo kwanza, na hakidumu ila kwa kutunzwa na wenyeji.

Basi kabla ya kuomba, tupitie mambo manne.

Kwanza, ardhi. Wengi wetu twalima eka tatu zilizogawiwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964. Zilitolewa kwa kilimo. Anayetaka kuzitumia vingine aanze kwa sheha na maofisa wa ardhi, wala asijenge hata choo kabla ya kupata jibu la maandishi.

Pili, namna ya fedha. Msaada aghalabu hujenga mara moja: njia, banda, choo. Mshahara wa mlinzi na paa linalovuja ni juu yetu kila mwaka. Hesabu hiyo tuiandike kwanza.

Tatu, msimu. Karafuu haimngojei mgeni. Ikikawia mtini huchanua, na thamani yake hushuka. Wachumaji wakiacha kazi ili waongoze wageni, hasara yaweza kuipita ada. Wala mgeni asipandishwe mkarafuu. Hata wachumaji wetu wazoefu huanguka.

Nne, daftari. Tukubaliane mapema nani apokee ada, nani aandike, na lini hesabu isomwe mbele ya wote.

Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji haponi kwa banda lililobomoka.

Maswali ya kuzungumza mkutanoni:

1. Kwetu kuna nini ambacho mgeni hakioni kwingine?
2. Msaada ukikoma, nani atalipa mlinzi?
3. Wakati wa kuchuma, nani atabaki na wageni?

Tawi lisiloweza kujibu la pili lisiombe kwanza.