Faili Iko Mahakamani, Wewe Uko Kijijini: Vidokezo vya Kuipata

Chukua Kaunti ya Kitui. Kuna mahakama Kitui mjini, Mwingi, Kyuso na Mutomo. Ukitokea vijiji vya ndani, nauli ya kwenda na kurudi si mchezo, na karani wa masijala hatakuuliza uliamka saa ngapi. Atakuuliza nambari ya kesi.

1. Nambari kwanza. Hadithi ya shamba la marehemu babu, hata iwe tamu vipi, haifungui kabati. Fika na aina ya kesi (jinai, madai, mirathi), nambari, mwaka na kituo. Nambari ikianza na herufi E, kama E014 ya 2022, huenda kesi iliwasilishwa kwa mtandao. Mfumo huo wa mtandao ulianza Nairobi Julai 2020 na kufika nchi nzima Machi 2024, kwa hiyo kesi ya Mutomo ya mwaka 2012 usiisake kwenye simu. Hiyo ni karatasi, na inataka mtu wa kuinuka kitini.

2. Huna nambari? Fungua Gazeti Rasmi. Hapa ndipo wengi hupitwa. Mtu anapoomba mahakama imruhusu kusimamia mali ya marehemu, tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo kwa kawaida hutoka Ijumaa. Tangazo lina jina la marehemu, jina la mwombaji, mahakama na nambari ya kesi. Yaani kila kitu anachotaka karani! Mwenye pingamizi hupewa siku 30. Sasa niambie, ni mjukuu gani wa Kyuso anayesoma Gazeti Rasmi kila Ijumaa? Ndiyo maana ndugu mmoja huweza kumaliza kesi ya mirathi wenzake wakiwa wanapalilia. Matoleo ya gazeti yako bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Kama kuna mzee aliyefariki na mali haijagawanywa, mpe kijana mwenye bando kazi ya kutafuta jina lake, na ajaribu tahajia zote. Mutua na Mutuwa ni watu wawili machoni pa kompyuta.

3. Jua unachoomba. Hukumu ni kitu kimoja. Mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya waliyosema mashahidi, ni kingine. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu utazisoma Kenya Law bila kulipa hata ndururu. Mwenendo wa mahakama ya hakimu mara nyingi umeandikwa kwa mkono, na lazima uchapwe kwanza. Hapo subira inahitajika. Kama unataka kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu, kumbuka muda ni siku 14 kwa jinai na 30 kwa madai, kwa hiyo omba nakala mara tu hukumu inaposomwa.

4. Picha ya simu haitoshi. Benki na ofisi ya ardhi zinataka nakala iliyothibitishwa, yenye muhuri wa mahakama. Ada hulipwa kupitia eCitizen na unapata risiti. Anayetaka pesa mkononi anataka zake.

5. Uliza kama faili imesafiri. Rufaa ikikatwa, faili ya Mutomo huitishwa Mahakama Kuu. Piga simu kabla ya kupanda matatu.

6. Usifike asubuhi ukitarajia miujiza. Faili za kesi za siku hiyo ziko mbele ya hakimu, na karani yuko nazo. Saa saba hadi saa nane ni chakula. Alasiri ndipo utapata mtu wa kukusikiliza.

7. Omba kwa maandishi, hata kwa Kiswahili. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakubali ombi kwa Kiingereza au Kiswahili. Asiyejua kuandika aeleze kwa mdomo, afisa aandike. Jibu linapaswa kutoka ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

8. Si kila kitu ni cha wote. Kesi za watoto na za dhuluma za kingono hulindwa. Ukinyimwa hizo, usimgombeze karani.

9. Ukiambiwa "faili haionekani". Usirudi nyumbani kimya. Andika barua kwa msimamizi wa kituo, na asipojibu, kwa Ombudsman wa Idara ya Mahakama. Ikithibitika imepotea, mahakama inaweza kufungua faili ya muda kwa kutumia nakala za wahusika. Kwa hiyo ule mfuko wa plastiki wa mama wenye hati za kiapo, risiti na barua za wakili, usiutupe wakati wa kusafisha nyumba.