SOMO LA AFYA: UGONJWA WA MOYO HUANZA KIMYA KIMYA



Mithali 4:23 inatufundisha kulinda moyo. Andiko hilo lahusu mawazo yetu, lakini hata moyo huu wa nyama tumepewa kuutunza. Leo tujifunze jinsi ugonjwa wake unavyoanza.

Moyo hupata damu yake kwa mishipa iitwayo ateri za moyo. Wengi wetu hudhani mafuta hushika humo kama uchafu katika bomba la maji. Sivyo hasa. Presha ya juu, moshi wa sigara na ugonjwa wa sukari huumiza ngozi laini ya ndani ya mshipa. Ndipo mafuta ya damu yaitwayo kolesteroli hupenya na kukaa ndani ya ukuta wenyewe. Chembe nyeupe za damu huja kuyala, hufia humo humo, na uvimbe huota. Ni kama mchwa katika ukuta wa udongo: kwa nje nyumba yaonekana nzima. Siku moja uvimbe hupasuka, damu huganda juu yake, njia huziba. Sehemu ya moyo iliyokosa damu hufa.

Je, ni ugonjwa wa wazee tu? Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walitoa habari za uchunguzi wa miili ya askari 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Zaidi ya saba katika kila kumi walikwisha kuwa na ugonjwa huu katika ateri za moyo.

Kwa hiyo tuseme wazi jambo linalotuhuzunisha. Baadhi yetu tukiisha kuombewa na kujisikia vizuri, tunaacha vidonge vya presha. Wapendwa, kujisikia vizuri si kipimo, maana ugonjwa huu hauumi unapokua. Luka alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14), na Paulo alimwita mpendwa. Tuombe, kisha tupime. Mungu akiponya, kipimo kitaonyesha, na daktari ndiye atakayetuambia tuache dawa.

Tuache sigara, tupunguze chumvi, tupime presha zahanati. Mtu akibanwa kifua, maumivu yakienda mkononi au tayani, akitoka jasho baridi au kukosa pumzi, tumpeleke hospitali upesi, hata usiku. Maombi tuyafanye njiani.

Swali la kujadili nyumbani: Ni nani kati yetu hajapimwa presha mwaka huu?

Mungu awabariki.