Faida ya Mikutano ya Watafiti wa Magonjwa

Watu wengi hudhani kwamba jambo jipya katika elimu ya magonjwa huvumbuliwa na mtu mmoja aliyejifungia chumbani, kimya, pamoja na hadubini yake na chupa zake. Kazi ya chumbani ni ya lazima, wala hakuna mtafiti awezaye kuikwepa. Lakini yafaa tujue kwamba kuna kazi nyingine iliyo ya lazima vile vile, nayo ni ya mikutanoni, ambako mtu husimama mbele ya wenzake akawaambia, "Mimi nimeona jambo hili, je, ninyi mwaonaje?" Katika somo hili nitaeleza habari za mkutano mmoja wa namna hiyo uliofanyika London mwaka 1961, ambao chanzo chake kilikuwa hapa hapa Afrika Mashariki.

Daktari wa Kampala

Denis Burkitt, aliyezaliwa Ireland mwaka 1911, alikuwa daktari wa kupasua katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita akamtazame mtoto aliyevimba taya pande zote, kulia na kushoto, juu na chini. Jambo hilo lilimshangaza, kwa maana uvimbe wa kawaida hushika upande mmoja tu. Majuma machache baadaye, alipokuwa katika hospitali ya Jinja, alimwona mtoto mwingine aliyevimba vile vile. Mtu asiyejali angesema, "Ni sadfa tu," akapita. Burkitt hakupita. Alirudi Mulago akafungua madaftari ya wagonjwa wa zamani, akaona kwamba watoto wengi waliovimba taya walikuwa na uvimbe tumboni pia. Uvimbe huo ulikuwa ukihesabiwa kuwa wa magonjwa mbalimbali. Kumbe ulikuwa ugonjwa mmoja. Ni saratani ya watoto, nayo hukua upesi mno, hata uvimbe waweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili.

Mwaka 1958 aliandika habari hizi katika jarida la madaktari wa kupasua la Uingereza, lakini ni wachache walioshughulika nazo. Ndipo alipotengeneza vikaratasi vyenye picha, akavipeleka katika hospitali za Afrika akiuliza: "Je, mmewahi kuona ugonjwa huu kwenu?" Kila jibu lilipokuja alilitia katika ramani.

Mkutano wa London

Tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alipokuwa likizo Uingereza, alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Tangazo lilibandikwa ubaoni, na kila aliyetaka aliweza kuja. Mmoja wa waliolisoma alikuwa Anthony Epstein. Yeye hakuwa daktari wa kupasua, wala hakulijua jina la Burkitt. Kazi yake ilikuwa kuchungulia vitu vidogo sana kwa hadubini ya elektroni, naye alikuwa amechunguza kirusi ambacho huleta saratani kwa kuku.

Burkitt alionyesha picha za watoto wale, kisha akaeleza kwamba ugonjwa ule hufuata joto na mvua: wapatikana penye joto na mvua nyingi, na penye baridi haupatikani. Epstein aliposikia hayo, akafikiri mara moja: ikiwa ugonjwa hufuata hali ya nchi, basi huenda unaletwa na kitu chenye uhai, labda kirusi. Mhadhara ulipokwisha, wawili hao walizungumza, wakakubaliana kwamba vipande vya uvimbe vitolewe Kampala vipelekwe London kwa ndege.

Wasomaji wapenzi, tazameni jambo hili kwa makini. Burkitt alikuwa na wagonjwa, lakini hakuwa na hadubini ile. Epstein alikuwa na hadubini, lakini hakuwa na wagonjwa. Kila mmoja alikuwa na nusu ya ufunguo, na pasipo mkutano ule nusu hizo zingekaa mbali mbali. Wazee wetu walisema kweli: akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Kazi iliyofuata

Baada ya mkutano wote wawili waliingia kazini. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa motokaa kuukuu kwenda kusini. Walisafiri kiasi cha majuma kumi na maili 10,000, wakiingia hospitali baada ya hospitali na kuuliza habari za ugonjwa ule. Waliona kwamba karibu na mstari wa ikweta ugonjwa huo hauonekani katika nchi zilizoinuka zaidi ya futi 5,000 hivi juu ya bahari. Ramani yao ilifanana sana na ramani ya malaria.

Huko London, Epstein alihangaika karibu miaka miwili bila kupata kitu. Kila kipande kilipofika alikichungulia, asione kirusi. Mwezi wa Desemba 1963 ndege iliyochukua kipande kimoja ilikuta ukungu mzito London, ikageuzwa ikatue Manchester. Kipande kilipomfikia kilikuwa kimechelewa, na maji yake yamekuwa kama maziwa. Ilidhaniwa kwamba kimeoza. Lakini kabla ya kukitupa, Epstein alichungulia tone moja, akaona seli zilizo hai zikielea. Seli hizo ziliota katika chupa. Mwaka 1964 yeye pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, walitangaza kwamba wameona ndani yake kirusi kisichojulikana. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuwa kinahusika na saratani ya binadamu.

Hata hapo hawakukaa na siri. Seli zao zilipelekwa Philadelphia, Marekani, kwa Werner na Gertrude Henle, mtu na mkewe, ambao walihakikisha kwamba kirusi hicho ni kipya kweli. Leo twajua kwamba watu wazima zaidi ya 90 katika kila 100 duniani wanacho mwilini, na wengi hakiwadhuru. Lakini mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, kinga ya mwili wake hudhoofika, na hapo ndipo hatari ya saratani ile huongezeka. Tena twajua kwamba ugonjwa huu hutibika kwa dawa. Kwa hiyo mzazi akiona mtoto wake anavimba taya au tumbo, asingoje. Ampeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Namna mikutano inavyofanyika

Siku hizi mikutano ya watafiti imekuwa mikubwa na ina utaratibu. Hapa Tanzania, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1979, huandaa kongamano la watafiti. Kwa kawaida, katika makongamano ya namna hii, kila mtafiti hutuma kwanza muhtasari wa kazi yake, na kamati huchagua. Waliochaguliwa hupewa dakika chache za kusema, kisha huulizwa maswali. Wengine hubandika kazi zao ukutani katika karatasi kubwa, nao husimama kando wakijibu wapitao. Halafu kuna wakati wa chai. Wakati huo usidharauliwe, kwa maana wengi hupata hapo mtu wa kushirikiana naye.

Mafunzo kwetu

Kwanza, atakayesema aseme wazi, aonyeshe picha na ramani, ili hata asiye wa kazi yake aelewe. Pili, msikilizaji asiseme, "Hilo si somo langu." Epstein angalisema hivyo, asingaliingia ukumbini siku ile. Tatu, anayeuliza asionewe haya, kwani kuuliza si ujinga.

Nne, na hili ndilo nitakalo tulifikirie sana, elimu haipungui kwa kugawanywa. Katika shule nyingi, mitihani ya taifa inapokaribia, wako wanafunzi wafichao madaftari yao, wakisema, "Nikimfundisha fulani atanishinda." Basi waangalie habari hizi. Burkitt alitoa yote aliyoyajua mbele ya watu asiowafahamu. Je, alipoteza nini? Ugonjwa ule mpaka leo unaitwa kwa jina lake, na kirusi kinaitwa kwa majina ya Epstein na Barr. Kila mmoja amepata heshima yake, na watoto wamepata faida kuliko wote.

Kwa hiyo natoa shauri kwamba chama chetu cha sayansi kifanye mkutano mmoja kila mwezi, tangazo libandikwe ubaoni, na wanafunzi wa michepuo yote waalikwe, wa sayansi na wa sanaa. Huenda mwenye kujua kuchora ramani akamfaa mwenye kujua habari za mbu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini Burkitt hakuridhika na kumtazama mtoto mmoja tu?
2. Burkitt alikuwa na nini ambacho Epstein hakuwa nacho, na Epstein alikuwa na nini?
3. Eleza uhusiano uliopo kati ya malaria na ugonjwa huu.
4. Taja jambo moja ulijualo ambalo mwenzako wa mchepuo mwingine angefaidika nalo. Nenda ukamwambie.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne