Bustani ya nyumbani: baridi, upepo na pipa la maji



Kila mwaka mvua zikiisha tunasikia malalamiko yale yale. Mtu alipanda mpapai mwezi wa pili, ukakua vizuri hata ukamfika kiunoni. Mwezi wa tano akaanza kuumwagia maji kila jioni, kwa bidii, akitoka kazini. Mwezi wa saba majani yakageuka manjano, yakaanguka moja moja, na ncha ya shina ikaoza. Anasema: «Jua la kiangazi limeuua mpapai wangu.»

Sivyo, ndugu. Siyo jua, na mara nyingi siyo kiu. Mpapai umekufa kwa baridi, na yale maji ya jioni yameisaidia baridi kuuua.

Tukumbuke mahali tunapokaa. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kolwezi inapita mita 1,400. Ukipanda mita 1,000, joto la hewa linapungua karibu digrii 6. Migomba, mipapai na michikichi ambayo wazee wetu waliileta kutoka Kasai, au waliyoiacha nyuma huko kando ya mto mkubwa, imezoea nchi za chini zenye joto usiku na mchana. Hapa kwetu, usiku wa mwezi wa sita na wa saba, kipimo kinashuka mara nyingi chini ya digrii 10. Mgomba ukifika chini ya digrii 14 hivi, unalala: hautoi jani jipya, haunywi maji mengi. Ukiumwagia maji mengi wakati umelala, unaloweka mizizi yake bure katika udongo baridi. Mpapai ni mdhaifu kuliko mgomba. Mizizi yake ikikaa katika maji siku mbili tu, inaweza kuoza.

MAHALI PA KUPANDA

Kabla ya kuchukua jembe, toka uani saa sita mchana, mwezi wa sita, utazame kivuli chako. Kinaelekea kusini. Maana yake jua la wakati wa baridi linapita upande wetu wa kaskazini, na ukuta wa nyumba unaotazama kaskazini ndio unaolipokea. Matofali yanakunywa joto mchana kutwa, na usiku yanalitoa polepole. Na upepo mkavu wa kiangazi unatoka wapi? Kusini-mashariki. Basi mmea uliopandwa upande wa kaskazini wa nyumba una faida mbili: ukuta unaupasha joto, na nyumba yenyewe inaukinga upepo. Familia nyingi hupanda mpapai mbele ya mlango kwa sababu unapendeza macho, bila kujua mlango unatazama wapi. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo miaka miwili mfululizo.

Usiupande ukaribiane sana na ukuta. Mpapai uwe hatua mbili, mgomba hatua tatu, maana mgomba unazaa watoto na unaweza kuanguka na mkungu wake. Angalia pia mahali ambapo maji ya bati yanaanguka wakati wa mvua. Hapo mgomba utafurahi, mpapai utakufa.

Jambo la pili: hewa baridi ni nzito, inateremka kama maji. Usiku usio na upepo inakusanyika mahali pa chini pa kiwanja, penye bonde, karibu na mfereji. Wale waliolima katika mabonde ya nyasi nje ya mji wamekwisha kuona asubuhi nyingine majani ya maharagwe yameungua kama yamepitiwa na moto, kumbe ni umande ulioganda. Mahali pa chini panaua mara mbili, mwezi wa saba kwa baridi na mwezi wa kwanza kwa maji yaliyosimama. Kama kiwanja chako chote kiko chini, inua udongo uwe kilima cha kufika gotini, upande juu yake. Udongo wa kichuguu ni mzuri sana kwa kazi hiyo. Vichuguu vikubwa vya nchi yetu vina chokaa ndani yake, na wazee waliovilima hawakukosea. Lakini chukua wa kichuguu kilicho mbali na kiwanda na mbali na lundo la mabaki ya mgodi. Tutarudi kwa jambo hilo.

KUFUNIKA MCHE

Mche ambao haujafika kimo cha mtu ujengewe kibanda mwezi wa tano, kabla baridi haijaanza. Fito nne, nyasi ndefu zilizofungwa, basi. Upande wa kusini na wa mashariki uzibwe hata chini. Upande wa kaskazini ubaki wazi ili jua liingie. Ukitumia plastiki, isiguse majani, kwa sababu jani linaloshikana na plastiki linaungua pale pale kwa baridi. Na asubuhi lazima ifunguliwe, la sivyo mche utapikwa saa nne. Baba aliye kazi ya usiku ampe mtoto kazi hiyo kabla ya kwenda shule.

Maji: mwezi wa sita na wa saba mwagia asubuhi, jua likiisha kupanda, mara mbili kwa juma kwa miti, bila kulowesha majani. Weka nyasi kavu juu ya udongo, unene wa kiganja, lakini ziache nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Nyasi zikigusa shina, mchwa wanapanda.

Majani ya mgomba yakiungua kwa baridi, akina mama wanapenda kuyakata kwa usafi. Msiyakate bado. Yaning'inie hivyo hivyo, mabaya kama yalivyo, hata mwezi wa tisa. Ni blanketi ya shina. Hata shina likifa lote, usiling'oe haraka. Uhai wa mgomba uko chini ya udongo, na joto likirudi chipukizi litatokea.

Tumesikia pia kwamba watu wengine huingiza miche ya nyanya na pilipili jikoni usiku, au katika chumba wanamolala, na kuwasha mbabula ili isipate baridi. Hapo, ndugu, tunasema hapana kwa nguvu zote. Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi ile ile inayoogopwa chini ya ardhi moto ukitokea mgodini. Haina harufu, haina rangi. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, haamki. Mche wa nyanya unapatikana tena sokoni.

UPEPO ULE ULE UNALETA VUMBI

Bomba kubwa la moshi la Lubumbashi linasimama mahali ambapo shaba ilianza kuyeyushwa mwaka 1911. Kwa miaka mingi upepo wa kusini-mashariki ulichukua moshi na kuutupa kaskazini-magharibi, upande wa Penga-Penga, na miti ya huko ilikufa, udongo ukabaki wazi. Shaba ilibaki katika udongo huo, pamoja na wenzake wasioonekana: kobalti, madini ya risasi, kadimiamu, aseniki. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza walichokikuta katika mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga: kobalti nyingi sana, na watoto walikuwa nayo kuliko watu wazima. Madini ya risasi yanaharibu akili ya mtoto anayekua. Kadimiamu inaharibu mafigo.

Je, tuache kulima? La. Sombe na lengalenga ni chakula cha watoto wetu, na mwezi wa nane, mboga zikipanda bei, bustani ndiyo inayookoa mfuko wa nyumba. Lakini tupande kwa akili. Mboga za majani zinavuta kadimiamu kwa mizizi na kupokea vumbi juu ya majani. Matunda kwa kawaida yanabeba kidogo zaidi. Kwa hiyo, upande wa kiwanja unaopokea vumbi la barabara ya malori au la kiwanda upewe migomba, mipapai na miembe. Nayo ikisimama kwa mstari inakinga upepo. Nyuma yake, katika udongo safi ulioletwa na kuinuliwa, panda lengalenga na matembele. Mboga zioshwe mara tatu kwa maji safi. Kuosha kunaondoa vumbi tu. Kilicho ndani ya jani hakitoki kwa maji wala kwa moto, na ndiyo sababu udongo wenyewe lazima uchaguliwe.

MAJI YA KIANGAZI

Mboga zinahitaji maji mengi kuliko watu wanavyofikiri: karibu lita 10 kwa siku kwa kila mita mraba 2, joto la mwezi wa tisa likianza. Nyumba ambayo bomba linatoka saa mbili kwa siku inaweka wapi maji hayo? Katika pipa. Na pipa linatoka wapi?

Mfanyakazi mmoja tunayemfahamu alinunua pipa la plastiki la buluu njiani, bei ndogo. Mwuzaji alisema lilikuwa la mafuta ya kupikia. Alilisuuza mara tatu, akajaza maji, akamwagia bustani ya mkewe. Siku ya nne lengalenga yote ilikuwa imelala chini. Mkewe alilia, kwa sababu alikuwa anauza mafungu mawili matatu kila siku kwa ajili ya daftari za watoto. Mume alitazama ndani ya pipa na taa, akakuta kando ya kifuniko karatasi nusu iliyobanduliwa, yenye alama ya mkono unaoliwa na asidi. Akamwambia: «Mama Kabibi, tushukuru zimekufa. Zingeishi, tungezila.»

Pipa, bidoni au mfuko uliobeba asidi, mafuta ya mashine au dawa za kuoshea mawe ya shaba hausafishiki nyumbani. Plastiki inakunywa dawa na kuitoa polepole kwa miezi. Hata mfuko wa kujengea kibanda cha mche uwe wa unga au wa mchele, usiwe wa kiwandani. Pipa lisilo na historia unayoijua, usilinunue.

Maji ya kuoshea vyombo yanafaa kwa mgomba, sabuni yake kidogo haiudhuru. Usiyamwage juu ya mboga za majani. Lakini maji yaliyofulia nguo za kazi yasiguse bustani kabisa. Vumbi la mgodi liko humo. Afadhali nguo hizo zifuliwe kazini, na kama haiwezekani, ziwe na beseni lake, mbali na nguo za watoto.

Pipa lifunikwe. Kwa joto la mwezi wa kumi, yai la mbu linageuka mbu anayeruka kwa muda wa juma moja na siku chache. Kitambaa chembamba kilichofungwa na mpira kinatosha. Na makopo ya miche yaliyotupwa nyuma ya nyumba yageuzwe midomo chini kabla ya mvua.

JOTO, KISHA MVUA

Mwezi wa tisa na wa kumi taabu inageuka. Sasa mwagia jioni au alfajiri, na kile kibanda kilichokinga baridi kigeuzwe kivuli: ondoa kuta, bakiza paa. Mwembe mkubwa hautaki maji mengi katika miezi ya baridi. Ukavu kidogo ndio unaousukuma kutoa maua.

Mvua kubwa zikifika, mwezi wa kumi na mbili hata wa pili, kazi ni kuchimba mfereji kuzunguka mipapai na miavoka, na kuuwekea kila mgomba wenye mkungu nguzo mbili zilizopishana. Matawi yanayokaribia nyaya za umeme usiyakate peke yako na panga. Waite watu wa umeme. Na ngurumo ikianza, shuka mtini, uache maembe.

Mama mmoja wa kambini alituuliza kwa nini muhogo wake unakosa majani kila mwezi wa saba, na kama ni ugonjwa. Kama majani ya mwisho yalikuwa ya kijani kamili, si ugonjwa, mama. Muhogo unaangusha majani ili usife kwa ukavu. Achuma kidogo kuanzia mwezi wa nne, majani machanga ya kila tawi la tatu tu, na mashina mawili matatu karibu na mahali pa kunawia yataendelea kukupa sombe. Lakini kama majani yalikuwa na madoa ya manjano na yamejikunja, huo ni ugonjwa wa batobato. Ung'oe shina hilo, usichukue kijiti chake kwa kupanda. Vijiti vizuri, vya shina lisilo na doa, vikatwe virefu, visimamishwe kivulini chini ya mwembe, miguu yao ndani ya udongo wenye unyevu kidogo, na vingoje hapo hata mvua ya kwanza ya kulowesha udongo sawasawa.