Kulungu wa Wote, Ardhi ya Wenyewe: Vidokezo kwa Anayeanza Kuwinda Marekani

Ukiishi Minnesota, Wisconsin au Pennsylvania, Novemba haikupiti bila kujua kwamba msimu umefika. Wenzako kazini wanaomba ruhusa, fulana za rangi ya chungwa kali zimetupwa kwenye viti vya magari, na kila mtu anaulizia upepo. Ni msimu wa kulungu wa mkia mweupe. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tunabaki watazamaji. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania neno lenyewe linaleta picha ya vitalu na wageni wenye dola. Tunadhani na huku ni hivyo hivyo, kwamba kulungu ni wa mwenye shamba.

Sivyo. Kwa sheria za Marekani, jimbo linamtunza kulungu wa porini kwa niaba ya wananchi wote, hata akiwa amelala katikati ya soya ya mtu. Unachohitaji ni leseni, na mahali halali pa kukanyaga. Hapo ndipo njia zinapogawanyika: ardhi ya umma au ardhi ya mtu binafsi. Kila anayeanza namshauri aanze na ya umma, na papo hapo aanze kutafuta mkulima mmoja wa kujuana naye.

1. Karatasi kwanza, bunduki baadaye

Majimbo mengi yanadai kozi ya usalama wa uwindaji. Minnesota inamdai kila aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1979. Wisconsin inahesabu kuanzia waliozaliwa tarehe 1 Januari 1973. Kisha angalia hadhi yako ya uhamiaji. Mwenye kadi ya kijani anaweza kumiliki bunduki akitimiza masharti yaleyale ya raia. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache, mmojawapo ukiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji. Anayeishi bila kibali haruhusiwi kabisa. Kama huna hakika uko kundi gani, muulize mwanasheria, usimuulize rafiki.

Usisahau upinde. Sheria ya shirikisho haiuhesabu kuwa silaha ya moto, na msimu wake huanza mapema. Minnesota ni katikati ya Septemba, kabla baridi haijauma.

2. Jua ardhi ya umma ni ipi, kisha ingia kwa kujiamini

Misitu ya taifa, ardhi za Idara ya Usimamizi wa Ardhi za Shirikisho, na maeneo ya wanyamapori ya majimbo kwa sehemu kubwa ni wazi kwa wawindaji. Hifadhi za taifa nyingi hazipo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo usione neno "taifa" kwenye kibao ukaingia na bunduki. Pennsylvania peke yake ina takriban ekari milioni 1.5 za maeneo ya uwindaji ya jimbo. Texas ni kinyume chake: zaidi ya asilimia 95 ya ardhi yake ni ya watu binafsi. Jimbo unaloishi linaamua nusu ya mkakati wako.

Na usiingie kama mtu aliyealikwa kwa huruma. Chini ya sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, kila anayenunua bunduki ndefu au risasi analipia ndani yake kodi ya asilimia 11, na fedha hizo hurudi majimboni kutunza wanyamapori na maeneo yao. Ukinunua boksi la risasi, umechangia.

3. Mpaka ni jukumu lako

Hiki ndicho kidokezo ninachotaka ukisome mara mbili. Pakua programu ya ramani ya mipaka kwenye simu, kama onX, na uhifadhi ramani ya eneo lako kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu mtandao porini haupo. Halafu jifunze alama za jimbo lako. Texas, Missouri, Pennsylvania na majimbo mengine kadhaa yanatambua rangi ya zambarau kwenye mti kuwa sawa na kibao cha kukataza kuingia. Texas mstari huo husimama wima, urefu usiopungua inchi 8, kati ya futi 3 na 5 kutoka ardhini. Alfajiri ya kiza, kwa tochi ya kichwani, unafanana na kovu la gome. Minnesota nayo, ardhi ya kilimo haihitaji kibao chochote: kama ni shamba, bila ruhusa huingii.

Novemba 2004, kaskazini mwa Wisconsin, mwindaji wa jamii ya Wahmong kutoka St. Paul alikutwa amekaa kwenye dungu lililokuwa ndani ya ardhi ya watu binafsi. Maneno yakazuka, risasi zikafyatuliwa, watu sita wakafa. Alidai alitukanwa kwa asili yake na kupigwa risasi kwanza; manusura walikana kwamba wao ndio walioanza kufyatua; baraza la mahakama likamtia hatiani, naye akafungwa maisha. Jamii yake, wahamiaji waliowinda ardhi za umma kwa miaka mingi kwa amani, ilibeba mzigo wa siku ile kwa muda mrefu. Kwa hiyo ukiambiwa uondoke, ondoka. Toa risasi kwenye bunduki, elekeza mtutu chini, sema samahani, toka kwa njia uliyoingilia. Hata kama ramani inakupa haki, ubishi huo wapelekee askari wa wanyamapori ukiwa umefika kwenye gari lako.

4. Huko magharibi, chunga pembe za ramani

Wyoming na jirani zake zina maeneo yaliyogawanywa kama ubao wa drafti: mraba wa umma, mraba wa mtu, mraba wa umma tena. Ni urithi wa karne ya 19, serikali ilipoyapa makampuni ya reli kila mraba wa pili. Je, unaweza kuruka kutoka pembe ya mraba wa umma hadi pembe ya mwingine bila kukanyaga wa mtu? Wawindaji wanne kutoka Missouri walifanya hivyo kwa ngazi ya chuma karibu na Elk Mountain, wakashtakiwa, na Machi 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikawapa haki. Uamuzi huo unahusu Wyoming, Colorado, Utah, New Mexico, Kansas na Oklahoma. Kwingineko usijaribu.

5. Kwenye ardhi ya umma, wasome watu kabla ya kulungu

Kulungu wa ardhi ya umma ana akili ya kukimbia watu. Siku ya ufunguzi anasikia milango ya magari ikifungwa kabla ya mapambazuko na anajua maana yake. Kazi yako ni kujua wengine wataegesha wapi, watapita wapi, na kulungu akisukumwa atajificha wapi. Wengi hawaendi mbali na barabara. Tafuta kikwazo kinachowachosha: kijito kinachotaka viatu vya mpira hadi pajani, kinamasi chenye kisiwa kidogo cha nchi kavu, mlima usio na njia. Ukifika, tulia. Wengine watatoka kwenda kula kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, na miguu yao ndiyo itakayokuletea kulungu. Ukiweza kwenda Jumanne badala ya Jumamosi, nenda Jumanne.

Halafu soma ardhi. Chini ya mwaloni mweupe tafuta makokwa yaliyopasuliwa na kinyesi ambacho bado kinang'aa; kikishafifia na kukauka, habari hiyo imechacha. Tafuta mti mchanga uliochunwa gome usawa wa goti, na kipara cha udongo uliokwanguliwa chini ya tawi lililotafunwa ncha. Dume amefanya hayo, na kipara chenye harufu kali ya mkojo ni cha karibuni. Kaa upande ambao upepo unakupiga usoni ukielekea pale unapomtarajia.

Ukikuta gari limeegeshwa pale ulipopapanga, nenda kwingine. Aliyewahi ndiye mwenye pahala, na sehemu nyingi za umma haziruhusu kuacha dungu lako usiku kucha kama njia ya kuhodhi nafasi.

6. Mkanda wa mwilini, kila ukipanda

Dungu la mtini linaua na kulemaza wawindaji kwa kuanguka, si kwa risasi. Vaa mkanda wa kukuzuia kabla mguu haujaacha ardhi. Bunduki ivute kwa kamba, ikiwa haina risasi. Rangi ya chungwa nayo usiibanie: Pennsylvania inadai inchi 250 za mraba kichwani, kifuani na mgongoni. Kwenye ardhi ya umma hujui nani yuko nyuma ya kichaka, na yeye hakujui.

7. Kwa mwenye shamba, piga hodi kiangazi

Ardhi binafsi ina utulivu. Kulungu wanakula mahindi na soya, wanapita njia ileile, na hakuna mgeni wa kuwashtua. Lakini mlango wake ni mtu, na huyo mtu Novemba ameshachoka na waombaji. Nenda Julai. Nenda mchana, ukiwa na nguo za kawaida, bila bunduki wala nguo za madoadoa. Na kwa sisi wenye sura ngeni vijijini kule, nenda na mtu anayefahamika: mwenzako wa kazini aliyekulia pale, mchungaji, fundi wa trekta. Si kwamba huna haki ya kubisha mlango. Ni kwamba mazungumzo huanza mbali zaidi mkishajuana.

Omba kidogo. Badala ya kutaja dume lenye pembe kubwa, omba jike. Mwenye shamba huenda anamtunzia mwanawe yule dume, lakini majike ndiyo yanayozaana na kumaliza soya yake. Mueleze pia kwamba majimbo yote 50 yana sheria zinazompunguzia dhima mwenye ardhi anayeruhusu watu waingie bure kwa michezo na mapumziko. Hofu ya kushtakiwa ukivunjika mguu ndiyo inayowafanya wengi wakatae. Akikubali, iandikwe: tarehe, sehemu ya shamba, na nani mwingine anaruhusiwa. Ruhusa ni yako, si ya shemeji yako na marafiki zake watatu.

Kisha ilipie kwa njia tunayoijua sisi. Saidia kurekebisha uzio, pakia majani makavu, na ukipata kulungu mpelekee paja zima lililofungwa vizuri.

8. Usilichoshe shamba la mtu

Ukishapata ekari 40 zako za ruhusa, ukiingia kila siku utawafundisha kulungu kuja usiku tu. Subiri upepo mzuri. Sheria pia hubadilika ukivuka uzio: Texas kumwaga mahindi ya chambo kwenye ardhi binafsi ni jambo la kawaida; Minnesota ni kosa popote.

9. Kabla ya kukodi, angalia ardhi za kuingia kwa miguu

Kukodi shamba kwa msimu kunaweza kukugharimu fedha nyingi, na kwa anayeanza naona ni haraka isiyo na faida. Utalipia mahali usipojua kupasoma. Kansas, Montana, Minnesota na kwingineko zinawalipa wenye mashamba ili wafungue ardhi yao kwa umma. Unapata mashamba ya mtu binafsi kwa masharti ya umma.

10. Nyama: halali, bucha na maabara

Mwislamu anapiga bismillahi anapofyatua, na akimkuta mnyama yu hai, anamchinja. Kuhusu risasi na upinde, shekhe wako ndiye wa kumuuliza kabla ya msimu. Ukimpeleka kulungu kwenye bucha la kusindika nyama ya porini, sema mapema kwamba hutaki soseji: kwa kawaida huchanganywa mafuta ya nguruwe. Uliza pia kama nyama yako itasagwa peke yake au pamoja na ya wengine.

Kugawa ruksa, kuuza hapana. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulungu hawa walikuwa wamebaki laki chache kwa sababu waliwindwa kwa ajili ya soko. Leo wanakadiriwa takriban milioni 30, na marufuku ya biashara ni sehemu ya sababu. Jirani akikupa dola 20 kwa mguu, mpe mguu, mrudishie dola.

Kuna pia ugonjwa wa kudhoofu unaoshambulia ubongo wa kulungu, uliogunduliwa Colorado mwaka 1967 na sasa upo katika majimbo zaidi ya 30. Hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata, lakini ushauri wa afya ni kumpima mnyama aliyetoka eneo lenye ugonjwa na kutokula aliyekutwa nao. Majimbo mengi hayaruhusu kuingiza kichwa kizima wala uti wa mgongo kutoka jimbo lingine. Kwenye ardhi ya umma, vituo vya kuacha sampuli mara nyingi viko karibu na maegesho. Kwa shamba la mtu, uliza kituo cha karibu kabla hujapiga.

11. Akivuka mpaka, simama

Umempiga ndani ya ardhi ya umma, damu inaonekana kwenye majani, kisha inapita chini ya waya. Katika majimbo mengi kumfuata bila ruhusa ni kosa, hata kama leseni yako iko tayari mfukoni. Weka alama pale damu inapoishia, acha bunduki nyuma, mpigie simu mwenye ardhi. Jina lake lipo kwenye ramani ya simu yako, na namba ungeitafuta tangu Oktoba. Akikataa, mpigie askari wa wanyamapori. Huenda hana uwezo wa kumlazimisha, lakini mara nyingi anasikilizwa. Kulungu aliyepigwa sawasawa mapafuni anaweza kukimbia mita 100 kabla ya kuanguka, kwa hiyo unapochagua mti wa kuweka dungu, pima umbali huo kutoka kwenye uzio, kisha ongeza mwingine.