Somo la Tisa: Viambishi vya Masharti katika Mpango wa Safari

Utangulizi

Katika masomo yaliyotangulia tulichunguza viambishi vinavyoonyesha njeo. Sasa tunaingia katika sentensi zenye sehemu mbili: sharti, na matokeo yanayotegemea sharti hilo. Viambishi tutakavyovichunguza ni -ki-, -nge- na -ngali-, pamoja na ukanushi wake.

Tumechagua kuvichunguza kwa kupanga safari fupi ya gari kwenda Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, magharibi mwa Uganda, kwa sababu mpango wa safari haukamiliki bila masharti. Hakuna msafiri anayejua kwa yakini kama mvua itanyesha, kama gari litapata pancha, au kama ukungu utaifunika milima. Tena, mpango wa mwalimu hausomwi na mwalimu peke yake. Husomwa na dereva, na mkuu wa shule, na wazazi waliomkabidhi watoto wao. Kiambishi kimoja kikikosewa, kila mmoja wao huondoka na maana yake.

Kifungu cha kusoma

Kifungu hiki tumekitunga kwa ajili ya somo. Kisome mara mbili. Mara ya pili, pigia mstari kila kitenzi chenye kiambishi cha masharti.

Tutaondoka Mbarara Jumamosi, saa kumi na mbili kamili asubuhi. Tutafuata barabara ya lami hadi Ishaka, ambako dereva atajaza mafuta. Kutoka hapo barabara hupita katika Msitu wa Kalinzu, kisha huteremka ukingo wa Bonde la Ufa karibu na Kichwamba. Anga ikiwa safi, tutasimama hapo kutazama tambarare za hifadhi na maziwa ya George na Edward. Ukungu ukitanda, hatutasimama. Katika Katunguru tutavuka daraja la Mfereji wa Kazinga, unaoyaunganisha maziwa hayo mawili, na hatua chache mbele tutageuka kushoto kuelekea Mweya.

Tukifika Mweya kabla ya saa tano, tutapanda mashua na kuzunguka mferejini kwa muda wa saa mbili hivi, tukiwatazama viboko, nyati na mamba. Tusipofika kwa wakati huo, hatutapanda mashua. Tutatembea kwa gari tu, maana mashua ya alasiri itaturudisha nchi kavu tumekwisha chelewa. Tungekuwa na siku mbili, tungekwenda pia Ishasha, upande wa kusini wa hifadhi, kuwatafuta simba wanaopanda miti. Tutaondoka Mweya saa tisa alasiri. Tukikawia kupita saa kumi, giza litatukuta njiani.

1. Kiambishi -ki-: sharti lililo wazi

Katika kitenzi *tukifika* tunapata nafsi (tu-), sharti (-ki-), mzizi (-fik-) na kiishio (-a). Kiambishi -ki- hudokeza kwamba jambo linaweza kutokea au lisitokee, na kwamba msemaji amejiandaa kwa yote mawili. Hakibebi njeo yake chenyewe. Wakati wa tendo huonyeshwa na kitenzi cha kishazi kikuu. Kwa hiyo matokeo yanaweza kuwa katika maumbo mbalimbali:

(1) Tukifika Mweya mapema, tutapanda mashua. (wakati ujao)
(2) Mvua ikinyesha, barabara ya udongo huteleza. (mazoea)
(3) Tembo wakivuka barabara, simamisha gari usubiri. (amri)
(4) Mkiwaona viboko nchi kavu, msiwakaribie. (katazo)

Angalia pia upatanisho wa kisarufi. Kiambishi cha sharti hakibadiliki, bali kiambishi cha ngeli kinachokitangulia hufuata nomino: *mvua ikinyesha, gari likiharibika, mafuta yakiisha, ukungu ukitanda, magurudumu yakikwama*.

Ukanushi wa -ki- ni -sipo-: *tukifika* huwa *tusipofika*, na *mvua ikinyesha* huwa *mvua isiponyesha*. Umbo *\*hatukifika* si sanifu. (Nyota huonyesha umbo lisilokubalika.)

Tusisahau kwamba -ki- ina matumizi mengine. Katika kifungu tumesema tutazunguka mferejini *tukiwatazama* viboko. Hapa hakuna sharti. Matendo mawili yanafanyika kwa wakati mmoja. Ili kuyatofautisha matumizi hayo, jaribu kuweka neno *iwapo* mbele ya kitenzi. *Iwapo tukifika mapema, tutapanda mashua* hubaki na maana yake. *Tutazunguka mferejini iwapo tukiwatazama viboko* huharibika. Penye kuharibika hapana sharti.

2. Kiambishi -nge-: sharti la kudhania

Linganisha sentensi zilizotangulia na hii:

(5) Tungekuwa na siku mbili, tungekwenda pia Ishasha.

Msomaji wa sentensi hii haandai nguo za kulalia. Anaelewa papo hapo kwamba siku ni moja na Ishasha haimo katika safari. Kiambishi -nge- humwambia msikilizaji: hali si hivyo kwa sasa, wala hatuitarajii, lakini tuifikirie. Ndiyo maana -nge- hutufaa tunapolinganisha njia tuliyoichagua na zile tulizoziacha:

(6) Tungetaka kuwaona pundamilia, tungekwenda Hifadhi ya Ziwa Mburo.

Pundamilia hawapo Queen Elizabeth, bali wako Ziwa Mburo, hifadhi ambayo nayo haiko mbali na Mbarara. Sentensi (6) yaeleza uchaguzi wetu bila kuubadilisha: anayeisoma anajua kwamba tumekwisha amua, na anajua tumeacha nini.

Ukanushi wake ni -singe-: *tusingekwenda, gari lisingekwama*. Katika mazungumzo ya sehemu nyingi husikika pia *hatungekwenda*; mwanafunzi asikaripiwe kwa kulisema, ila katika maandishi rasmi tunapendekeza -singe-.

3. Kiambishi -ngali-: sharti lililopitwa na wakati

(7) Malkia Elizabeth asingaliizuru Uganda mwaka 1954, huenda hifadhi ingalibaki na jina lake la kwanza, Kazinga.

Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, ikapewa jina la malkia miaka miwili baadaye. Ziara ilikwisha fanyika. Hakuna awezaye kuiondoa. Kiambishi -ngali- huonyesha sharti ambalo nafasi yake imekwisha kupita, kwa hiyo matokeo yake nayo hayawezekani tena. Ukanushi wake ni -singali-, kama ulivyoona katika *asingaliizuru*.

Ni kweli kwamba wasemaji wengi wa leo hutumia -nge- hata kwa mambo yaliyopita, na muktadha ndio huwasaidia wasikilizaji. Hata hivyo, mwalimu hana budi kuujua mpaka uliopo baina ya viambishi hivi viwili, kwa sababu maandishi mengi atakayoyasomesha yanauzingatia.

4. Sentensi moja, nafasi tatu

Sasa tuichukue sentensi moja tuipitishe katika viambishi vyote vitatu:

(8a) Tukiondoka saa tisa, tutafika kabla ya giza.
(8b) Tungeondoka saa tisa, tungefika kabla ya giza.
(8c) Tungaliondoka saa tisa, tungalifika kabla ya giza.

Jiulize: katika kila sentensi, gari liko wapi? Katika (8a) gari lingali limeegeshwa Mweya, saa tisa haijafika, na uamuzi uko mikononi mwetu. Katika (8b) msemaji anajua kwamba hatutaondoka saa hiyo. Pengine chakula hakijaiva, pengine wanafunzi hawajatoka majini. Katika (8c) gari liko njiani, jua limekwisha tua, na dereva anakaza macho asije akagonga mnyama, kwa maana barabara kuu inayopita hifadhini huvukwa na tembo na nyati, na usiku hawaonekani upesi. Maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni kiambishi, na pamoja nacho, uwezo wetu wa kutenda.

Kwa hiyo twaweza kusema kwa ufupi: -ki- ni kiambishi cha anayepanga, -nge- ni cha anayelinganisha, na -ngali- ni cha anayetathmini baada ya safari.

Kanuni hii hupimwa pale ambapo mpango una jambo zito. Rudi kwenye kifungu utazame sentensi hii: *Tusipofika kwa wakati huo, hatutapanda mashua.* Wanafunzi wengi huingojea mashua kuliko jambo jingine lolote, na mwalimu mwenye huruma huweza kushawishika kulainisha lugha, akaandika:

(9) Tusingefika kwa wakati huo, tusingepanda mashua.

Sentensi (9) haina kosa la umbo, lakini si uamuzi tena. Dereva akiisoma, ataona kwamba kuchelewa ni jambo la kudhaniwa tu, wala hatakuwa na sababu ya kuharakisha mapumziko ya Ishaka. Wanafunzi nao hawataona kwamba wameonywa. Ikifika saa tano wangali njiani, mwalimu atalazimika kuchagua kati ya kuwavunja moyo watoto wasiotazamia kunyimwa mashua na kuwarudisha nyumbani gizani. Umbo la -sipo- lingemwepusha na yote mawili, kwa kuwa uamuzi ungekuwa umetolewa mapema na kila mtu ameusikia.

5. Makosa ya kuangaliwa

(a) Kuongeza *kama* mbele ya -nge-. Wanafunzi wengi huandika *kama tungekuwa na siku mbili*. Kiambishi -nge- chatosha kuonyesha sharti. *Kama* ni ziada. Kwa mwanafunzi anayesema Kiganda chanzo chake chaeleweka: katika lugha hiyo sharti la kudhania hutanguliwa na neno *singa*, nacho kitenzi cha matokeo hubeba -andi-. Mwanafunzi hutafuta neno la Kiswahili la kusimama mahali pa *singa*. Mwonyeshe kwamba katika Kiswahili kazi ya neno hilo imo ndani ya kitenzi.

(b) Kuchanganya viambishi. Epuka *\*tungeondoka mapema, tungalifika salama*. Sharti likiwa na -nge-, matokeo nayo yawe na -nge-. Likiwa na -ngali-, matokeo yawe na -ngali-.

(c) Vitenzi vya silabi moja. Kiambishi -ki- hakichukui *ku*, lakini -sipo-, -nge- na -ngali- huichukua: *tukila*, bali *tusipokula, tungekula, tungalikula*. Umbo *\*tukikula* kwa maana ya kula chakula si sanifu.

6. Darasani

Tunapendekeza mwalimu asianze kwa kuandika viambishi ubaoni. Achore kwanza ramani sahili: Mbarara, Ishaka, Kalinzu, Kichwamba, Katunguru, Mweya. Kisha awaulize wanafunzi katika kila kituo, "Nini kinaweza kutuzuia hapa, nasi tutafanya nini?" Majibu yatakuja na -ki- yenyewe. Baadaye aulize, "Tungekuwa na fedha na muda zaidi, tungekwenda wapi?" Mwisho afute nusu ya ramani na kusema, "Sasa ni usiku; tumechelewa. Tungalifanya nini?" Wanafunzi watakuwa wameisafiri kanuni kabla ya kuikariri.

Mwalimu aliye nje ya Uganda abadilishe ramani, si mbinu. Walio Kigali wanaweza kupanga safari ya Akagera. Walio Bujumbura, safari ya Rusizi.

Zoezi

1. Kanusha sehemu zote mbili za kila sentensi:
(i) Mafuta yakitosha, tutapita Kikorongo hadi penye alama ya ikweta.
(ii) Barabara ingekuwa kavu, tungekwenda Ishasha.
(iii) Dereva angalilala mapema, angaliamka mapema.

2. Sahihisha, kisha ueleze kosa:
(i) Kama tungefika asubuhi, tungalipanda mashua.
(ii) Tukikula Ishaka, hatutahitaji chakula cha mchana.
(iii) Hatukiona tembo, tutarudi kwa njia ile ile.

3. Bainisha kama -ki- ni ya sharti au ya matendo ya wakati mmoja:
(i) Tuliteremka Kichwamba tukiimba.
(ii) Mkiteremka Kichwamba, punguzeni mwendo.

4. Barabara ya Ishasha huwa ngumu kupitika wakati wa masika. Mwandikie dereva maagizo ya sentensi tano kuhusu safari ya huko mwezi wa Aprili. Kila sentensi iwe na -ki- au -sipo-, na kila moja imwachie dereva uamuzi ulio wazi.

5. Chukua maagizo yako ya swali la 4 uyaandike upya kwa -ngali-, kana kwamba safari imekwisha na gari lilikwama matopeni. Mpe mwenzako ayasome yote mawili, kisha mjadiliane: ni sentensi zipi kati ya zile za kwanza ambazo, kama zilivyoandikwa, zingalilizuia gari lisikwame?