Trekta la Zamani la Bustani

Katika mwaka 1963 kiwanda cha John Deere, huko Marekani, kilitoa trekta dogo la bustani, liitwalo 110, lenye nguvu za farasi 7. Hata leo wako watu watafutao matrekta hayo mabandani, yaliyoliwa na kutu, ili wayatengeneze tena.

Mara nyingi pistoni imeshikamana na silinda. Asiye na subira hupiga nyundo. Na chuma cha kale kikivunjika, kupata kingine ni taabu kubwa. Fundi mwenye akili hufungua plagi, hutia mafuta katika tundu lake, na kungoja siku kadha wa kadha. Kisha huijaribu injini kwa mkono, polepole. Isipogeuka, hutia mafuta tena. Rangi huja mwisho, ingawa wengi hutamani kuanza nayo.